Fainali ya Nyamagana, 1974: Ubingwa wa Soka Kando ya Ziwa na Suala la Mchezaji wa Ridhaa

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974, ubingwa wa soka wa Tanzania Bara uliamuliwa katika Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, baina ya Yanga na Simba, klabu mbili ambazo wanachama wao walikuwa wakipishana kila siku katika mitaa ileile ya Kariakoo, Dar es Salaam, lakini ambazo siku hiyo zilikutana mwisho wa reli, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka nyumbani. Yanga ilishinda kwa mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Matokeo hayo hutajwa kila orodha ya michezo ya watani hao wa jadi inaposomwa redioni au kuchapishwa magazetini, ila jina la uwanja huwekwa mwishoni kama nyongeza tu, ilhali mahali ulipochezwa mchezo huo ndipo penye sehemu kubwa ya maana yake. Ubingwa wa nchi hauwi wa nchi mpaka utoke katika mji mkuu, na kwa soka la Tanzania Bara hatua hiyo ilionekana waziwazi ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Mwanza ilikuwa mji uliozoea kupokea wageni. Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala hapo mwaka 1892, na mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza, reli iliyochepuka kutoka Tabora ilifika ukingoni mwa ziwa, ikaunganisha bandari ya Dar es Salaam na meli zilizokwenda Bukoba, Musoma, Kisumu na bandari za Uganda. Zao lililoubeba mji huo lilikuwa pamba. Wakulima wa Usukuma, ambao kwa miaka mingi walilalamikia mizani ya wafanyabiashara, walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na ambalo lilimiliki viwanda vya kuchambulia pamba na kuwa mojawapo ya mashirikisho makubwa ya ushirika barani Afrika. Biashara hiyo ndiyo iliyovuta makarani, mafundi wa reli, mabaharia wa meli za ziwani na vibarua wa viwandani, yaani watu wa mishahara na wa saa maalumu za kazi, ambao kila mahali Afrika Mashariki ndio waliokuwa wachezaji na watazamaji wa mwanzo wa mpira wa miguu.

Kalenda ya pamba inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inaeleza jambo ambalo orodha za matokeo haziwezi kulieleza. Katika nchi ya Wasukuma pamba hupandwa mvua zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka, na huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka unaofuata, wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mwezi Agosti ni mwezi ambao fedha ziko mikononi mwa watu, barabara za vumbi zinapitika, uwanja ni mkavu, na mkulima anayekuja mjini kununua bati au baiskeli anaweza pia kulipa kiingilio. Mtu wa Mkuyuni, kata iliyo upande wa kusini wa mji kwenye barabara inayokwenda Usagara na kuendelea hadi Shinyanga, alikuwa akiona msimu huo ukipita mlangoni kwake, malori yakiingia mjini na watu wakiwa juu ya mizigo, na kutoka kwake hadi Nyamagana, uwanja ulio katikati ya mji chini ya kilima cha Bugando ambako hospitali kubwa ilikuwa imefunguliwa mwaka 1971, haukuwa mwendo wa kumchosha mtu aendaye kwa miguu. Fainali iliyowekwa Mwanza mwezi Agosti ilikuta mji ukiwa na watu wengi kuliko kawaida yake, na wenye uwezo wa kuingia uwanjani.

Kabla ya kuwapo ubingwa wa klabu, Afrika Mashariki ilijua kwanza ubingwa wa nchi. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya watengeneza sabuni na kuanza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, lilipokea timu ya Tanganyika mwaka 1945 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1960, ambapo nafasi yake ilichukuliwa na mashindano yanayojulikana sasa kama Kombe la Chalenji. Mchezaji wa kombe hilo alikuwa mtumishi wa reli, wa posta, wa polisi au wa kampuni fulani, aliyepewa ruhusa kazini akachezee nchi yake, kisha akarudi kazini. Mpango huo, wa mwajiri kumtoa mfanyakazi kwa siku chache bila ya mchezo wenyewe kuhesabiwa kuwa kazi, ulirithiwa na soka la baada ya uhuru karibu bila mabadiliko.

Ligi ya Taifa ilianza mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya chama cha mpira kupata uanachama wa FIFA, yaani Shirikisho la Soka la Dunia. Sunderland ya Dar es Salaam, klabu ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba, ilitwaa ubingwa wa miaka miwili ya kwanza. Cosmopolitan, ya Dar es Salaam pia, ikauchukua mwaka 1967. Kisha Yanga ikautawala kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 bila kupokonywa. Ulipofika mwaka 1973 Simba ilivunja mfululizo huo, na ushindi wake wa bao 1 kwa 0 dhidi ya Yanga mwezi Juni, bao la Haidari Abeid, uliwapa wanachama wa Simba sababu ya kuamini kwamba zama zimegeuka. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo ubingwa wa taifa haukuwa ligi ya nyumbani na ugenini kwa mwaka mzima kama ilivyo sasa. Nchi ilikuwa kubwa na barabara za lami zilikuwa chache, nauli ya kuzungusha timu mikoani ilizidi uwezo wa klabu nyingi, na chama cha mpira kilitumia mbinu iliyo rahisi zaidi, ya kuwakusanya mabingwa mahali pamoja na kuwashindanisha kwa muda mfupi. Ndiyo maana ubingwa mara nyingi ulibaki Dar es Salaam. Huko ndiko zilikokuwa klabu kubwa, ofisi za chama, na uwanja wa Taifa.

Kuipeleka Mwanza fainali ya klabu mbili za Kariakoo kulibadili mizani hiyo. Uwanja wa Nyamagana haukuwa nyumbani kwa yeyote, ingawa kila upande ulikuwa na watu wake mjini humo, kama ulivyokuwa nao katika kila mji wa Tanzania uliofikiwa na redio. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, na kwa mtu wa Mwanza au wa Sengerema majina ya wachezaji wa Dar es Salaam yalikuwa sauti za Radio Tanzania na picha chache za gazetini zisizoonyesha mwendo. Watu walijua kwamba Gibson Sembuli wa Yanga ana shuti kali, na kwamba Sunday Manara anaitwa Kompyuta kwa namna akili yake inavyokwenda haraka kuliko miguu ya wanaomkaba, lakini walijua kwa kuambiwa. Tarehe 10 Agosti waliona.

Walichokiona kwa muda mrefu kilikuwa ushindi wa Simba. Adam Sabu alifunga katika dakika ya 16, mapema kiasi kwamba mchezo mzima uliosalia ukawa wa kulinda kwa upande mmoja na wa kutafuta kwa upande mwingine, na Simba haikuwa timu ya kudharauliwa katika kulinda, kwani mwaka huohuo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam, na ikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika, ambako ilitolewa na Mehalla ya Misri. Dakika 71 zilipita bao la Sabu likiwa peke yake. Katika mpira wa zama hizo, ambao hesabu ya muda ilikuwa katika saa ya mwamuzi na hakuna ubao wowote wa kumwonyesha mtazamaji kilichobaki, dakika za mwisho zilikuwa na giza lake, na mshabiki wa timu inayoongoza hakuweza kujua kama imebaki dakika moja au tano. Ilipofika dakika ya 87 Sembuli alisawazisha. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, yaani nusu mbili za dakika 15 kila moja zinazochezwa ili kuepuka sare mahali ambapo lazima apatikane mshindi, na dakika saba baada ya kuanza, katika dakika ya 97, Sunday Manara akafunga bao la pili la Yanga. Simba ilikuwa na dakika 23 za kurudisha, haikuweza, na ubingwa ukarudi Jangwani, makao ya Yanga.

Mchezo mmoja, kwenye uwanja mmoja, kwa siku moja: hapo ndipo ulipo udhaifu na pia uzuri wa ubingwa wa namna hiyo. Katika nchi nyingine, na katika michezo mingine, bingwa alitafutwa kwa mfululizo wa michezo miwili au mitatu, kwa sababu waliouandaa walitaka uhakika zaidi wa nani bora, na pia, jambo ambalo halisemwi mara nyingi, kwa sababu kila mchezo wa ziada ulikuwa na viingilio vyake. Mfano mmoja una uhusiano wa kushangaza na Mwanza. Ziwa Superior, lililo baina ya Marekani na Kanada, ndilo pekee kati ya maziwa ya maji baridi duniani linalozidi Ziwa Victoria kwa ukubwa wa eneo, na katika ukanda wa ziwa hilo, kwenye mji mdogo wa Houghton uliokuwa ukiishi kwa machimbo ya shaba kama Mwanza ilivyoishi kwa pamba, kulikuwa na timu ya mpira wa magongo wa barafuni iliyoitwa Portage Lakes. Mchezo huo huchezwa juu ya barafu na wachezaji waliovaa viatu vyenye chuma chembamba cha kutelezea, wakisukuma kwa magongo kisahani kigumu kuelekea golini. Siku hizo kila upande ulikuwa na watu saba. Mwezi Machi 1904 Portage Lakes iliwaalika Wanderers wa Montreal, miongoni mwa timu zilizokuwa na nguvu Kanada, kwa mfululizo wa michezo miwili uliotangazwa kuwa wa ubingwa wa dunia, na ikawashinda kwa mabao 8 kwa 4 na 9 kwa 2. Tofauti na wapinzani wao, watu wa Houghton walikuwa wakilipwa wazi, na kabla mwaka huo haujaisha miji ya machimbo na jirani zao ikaunda ligi ya kwanza iliyowalipa wachezaji wote bila kuficha, ligi iliyodumu hadi mwaka 1907.

Mtu aliyekuwa kiini cha timu hiyo, daktari wa meno John Gibson, alifika Houghton akiwa na historia inayofaa kukumbukwa katika mjadala wowote wa ridhaa, yaani wa kucheza bila kulipwa. Mwaka 1898, alipokuwa akichezea mji wa Berlin katika jimbo la Ontario, meya wa mji huo aliwazawadia wachezaji sarafu ya dhahabu ya dola 10 kila mmoja baada ya kuwashinda majirani zao, na chama cha mchezo cha jimbo kikaifungia timu nzima kwa kosa la kupokea fedha. Kombe la Stanley, ambalo gavana mkuu wa Kanada alilitoa kwa ajili ya timu za ridhaa na ambalo lilianza kukabidhiwa mwaka 1893, lilichukua zaidi ya miaka 10 kuwakubali wanaolipwa. Kwa ajili ya kombe hilo, mwaka 1905, timu ya Dawson City ilisafiri kutoka kaskazini ya mbali kwa wiki zaidi ya tatu, ikitumia miguu, meli na treni, ikafika Ottawa ikiwa imechoka, ikafungwa 9 kwa 2 na kisha 23 kwa 2. Hakuna aliyewalipa fidia ya kuchoka kwao, kwa sababu kanuni ilisema wanacheza kwa mapenzi.

Neno hilo, mapenzi, ndilo lililobeba pia soka la Tanzania katika miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uchumi ulikuwa chini ya mashirika ya umma, michezo ikawekwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo, na mchezaji akabaki mchezaji wa ridhaa, yaani mtu asiye na mkataba wa kuuza uwezo wake wa kucheza wala haki ya kudai mshahara kwa ajili yake. Alikula kwa ajira nyingine, mara nyingi katika shirika la umma, na klabu ilimpa kile kilichoitwa posho, pamoja na zawadi za wanachama baada ya ushindi. Klabu zenyewe zilikuwa mali ya wanachama, na mgawanyo wa mapato ya mlangoni ulikuwa jambo la viongozi. Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake, kwani uliifanya klabu kuwa ya watu wote na kumzuia tajiri mmoja kuinunua, na si haki kuutazama kama ujinga wa zama zilizopita. Lakini ulificha kazi. Mtu aliyekimbia kwa dakika 120 juu ya ardhi kavu ya kiangazi cha Mwanza, mbele ya watu waliolipa kumtazama, alifanya kazi kwa maana kamili ya neno hilo, na kutokuwa na mkataba hakukupunguza chochote katika uchovu wake wala katika hatari ya kuvunjika mguu. Alichokosa ni mtu wa kumdai anapoumia.

Kwamba suala hili lilikuwa hai, na halikubuniwa na wanahistoria baadaye, linathibitishwa na maisha ya mfungaji wa bao la ushindi mwenyewe. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Sunday Manara alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, akahesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya, na baadaye akacheza Marekani na katika Falme za Kiarabu. Ndugu yake Kassim Manara naye alicheza Austria. Miguu iliyoamua ubingwa Nyamagana kwa posho ikapata bei yake katika mji wa Uholanzi ambao watu wake hawakuwa na habari za Nyamagana. Waliobaki walikuwa wengi zaidi, na wengi wao walikuwa na uwezo ambao hakuna aliyewahi kuuwekea bei.

Yanga yenyewe haikufaidi amani ya ushindi huo kwa muda mrefu. Mwaka 1975 ilikutana tena na Simba, safari hii Zanzibar, katika fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, na kushinda kwa mabao 2 kwa 0. Lakini mwaka huohuo ubingwa wa Tanzania Bara ulikwenda kwa Mseto ya Morogoro, klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kuupata, na mgogoro uliozuka ndani ya Yanga ukazaa klabu mpya ya Pan African, iliyoondoka na wachezaji wengi wa kizazi kilichocheza Mwanza. Simba ikautwaa ubingwa mfululizo kuanzia mwaka 1976 hadi 1980, na tarehe 19 Julai 1977 ikawafunga Yanga mabao 6 kwa 0, matokeo ambayo yalifunika kumbukumbu ya Nyamagana kwa upande mmoja wa Kariakoo na kuifanya iwe ya thamani zaidi kwa upande wa pili.

Mwanza nayo ilinufaika kwa njia yake yenyewe. Uwanja mkubwa zaidi ulijengwa Kirumba, upande wa pili wa mji, ukapewa jina la Chama cha Mapinduzi, chama kilichozaliwa mwaka 1977, na michezo mizito ikahamia huko. Mkoa ulikuwa na timu yake ya kombe la mikoa, Mwanza Heroes, na klabu mbili zilizoupeleka mji katika ligi kuu: Toto African, ambayo undugu wake na Yanga unajulikana na kila mshabiki wa kanda hiyo, na Pamba, iliyobeba jina la zao lenyewe na kukulia katika mikono ya taasisi za zao hilo. Pamba iliwakilisha Tanzania katika mashindano ya Afrika, ikashuka daraja mwanzoni mwa karne hii wakati mashirika yaliyoilea yalipodhoofika, na ikarejea Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa chini ya Jiji, kwa jina la Pamba Jiji. Nyamagana haukufa, uliwekewa nyasi bandia, na vijana wa Mkuyuni, Igogo na Mabatini wanaendelea kuutumia. Mchezaji wa Pamba Jiji wa leo husaini mkataba wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na kiasi cha mshahara, na asipolipwa anaweza kupeleka shauri lake mbele ya vyombo vya soka vya nchi na hata vya dunia, jambo ambalo mwaka 1974 hakuna hata mmoja wa waliokuwa uwanjani siku ile, bingwa au aliyeshindwa, angeweza kulifanya.